Mali Iliyomo Vichwani mwa Watu na Faida Inayopambwa Vitabuni

Siku ya ukaguzi katika kambi yo yote, mtunza ghala hutoa daftari lake na kuanza kuhesabu: bunduki ngapi, viatu jozi ngapi, mablanketi mangapi, sufuria ngapi za jikoni. Kila kitu kina namba yake na mahali pake. Lakini afande mkaguzi aliye mzoefu hatosheki na daftari hilo. Hutoka nje akawatazama askari wanavyojipanga, akamwuliza koplo mmoja au wawili maswali ya kazi, kisha akaingia zahanati ya kambi kuona kama mganga aliyepo anaijua kazi yake. Anafahamu ya kwamba vitu vya ghalani vyaweza kutimia hesabu, hali kikosi chenyewe hakiwezi kitu, kwa kuwa ujuzi hauwekwi rafuni wala haupigwi muhuri.

Makampuni ya biashara nayo yako vivyo hivyo, na jambo hili, ndugu msomaji, si la wenye mabenki na mawakili wa Kampala peke yao. Linakihusu kiinua mgongo cha sajini anayestaafu mwaka huu. Linaihusu akiba ya mkewe katika chama cha kuweka na kukopa. Linamhusu kila mtu aliyenunua hisa za kampuni ya simu ya MTN Uganda zilipouzwa kwa umma mwaka 2021 kwa shilingi 200 kila moja. Mtu anapoweka fedha yake mahali hutaka kujua mambo mawili: mali iliyopo ni kiasi gani, na faida inayotangazwa ni ya kweli au imepakwa poda. Mambo hayo mawili yameshikamana kuliko tunavyodhani, na kinachoyashikamanisha ni akili za watu.

Wataalamu wa uchumi huiita mali hii rasilimali ya akili, na aghalabu huigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni watu wenyewe: ujuzi wao, uzoefu wao na ari yao ya kazi. La pili ni utaratibu wa kampuni, yaani kumbukumbu, mitambo ya hesabu, njia za kutenda kazi na siri za ufundi. Hayo ndiyo yanayobaki ofisini jioni, wafanyakazi wakiisha kwenda makwao. La tatu ni wateja na imani yao. Mama auzaye chapati kwenye lango la kambi anayo yote matatu: mkono wake unaojua kiasi cha maji na chumvi, daftari la wadaiwa analoliandika kila jioni, na askari wanaompita muuzaji mwingine ili wafike kwake. Jiko lake na karai lake pengine havifiki shilingi laki moja. Lakini mwambie akuuzie biashara hiyo kwa laki moja, uone atakavyokucheka.

Turudi kwa MTN Uganda. Aliyenunua hisa ile ya shilingi 200 alinunua nini hasa? Wengi watajibu kuwa alinunua kipande cha mnara. Kwa kweli minara mingi iliyokuwa ya kampuni hiyo iliuzwa tangu mwaka 2012 kwa kampuni iliyoundwa pamoja na American Tower ya Marekani, na MTN huilipia kodi ili iitumie. Mitambo anayo, na leseni anayo. Lakini sehemu kubwa ya thamani yake imo katika mawakala wake waliotapakaa hadi vijijini, katika mafundi wanaouendesha mtandao, na katika imani ya mama anayekubali kuiacha karo ya watoto ndani ya simu, fedha ambayo hawezi kuiona kwa macho wala kuishika kwa mkono. Huduma hiyo ya fedha kwa simu ilianza nchini Uganda mwaka 2009. Ikiwa mama huyo atapoteza imani kesho asubuhi, hakuna mnara utakaomrudisha.

Mojawapo ya makampuni ya kwanza duniani kujaribu kuipima mali ya namna hii mbele ya umma ni Skandia, kampuni ya bima ya Sweden iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1855. Mwaka 1991 Skandia ilimteua Leif Edvinsson kuwa mkurugenzi wa rasilimali ya akili, cheo kigeni kabisa kwa wakati ule. Kisha, pamoja na taarifa yake ya fedha ya mwaka 1994, ikachapisha nyongeza iliyoeleza mambo ambayo wahasibu hawakuzoea kuyaeleza, kama vile mafunzo ya wafanyakazi, kazi za wateja na maandalizi ya huduma mpya. Edvinsson aliichora kampuni kwa mfano wa nyumba. Paa la nyumba ni fedha. Kuta mbili ni wateja na utaratibu wa kazi. Msingi wake ni mafunzo na mambo mapya yanayoandaliwa kwa ajili ya kesho. Na ndani, katikati ya nyumba, wanakaa watu. Hesabu za kawaida, kwa maelezo yake, huonyesha paa peke yake, nalo paa ni habari za jana.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali, na mfano huo wa nyumba ulinipendeza tangu siku ya kwanza nilipousoma. Mkaguzi wa shule akihesabu madawati na mabati tu, atairipoti shule iliyokufa kuwa ni shule hai. Skandia ilisifiwa sana kwa ubunifu huo, na wasomi wa nchi nyingi wakaanza kuandika vitabu juu yake. Tutairudia habari yake baadaye, kwa sababu haikuishia pale.

Sasa tuingie jikoni mwa wahasibu, kwa maana ndiko chakula hiki kinakopikwa. Kanuni ya Kimataifa ya Uhasibu namba 38, ambayo inafuatwa pia na makampuni yaliyomo katika Soko la Hisa la Uganda, hairuhusu gharama za mafunzo ya wafanyakazi kuandikwa kuwa mali. Ukinunua cherehani, unaiandika katika mizania kuwa mali yako, kisha unaipunguza thamani kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita. Ukimpeleka mshonaji katika kozi ya miezi sita, fedha yote hukatwa katika faida ya mwaka uleule, kana kwamba umenunua gunia la mkaa likaungua. Hata orodha ya wateja na jina jema ambalo kampuni imejijengea yenyewe kwa miaka arobaini haviandikwi. Vitaonekana vitabuni siku kampuni itakaponunuliwa na nyingine, navyo vitaandikwa katika vitabu vya mnunuzi. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wapumbavu. Cherehani haiwezi kuacha kazi. Lakini mshonaji aliyefunzwa aweza kuondoka kesho na ujuzi wake, na kampuni haina mamlaka ya kumzuia. Tena, kama kila mkurugenzi angeruhusiwa kujikadiria thamani ya akili za watu wake na kuiandika kuwa mali, ni nani angekadiria kidogo?

Walakini kanuni hiyo njema inaacha mlango mmoja wazi. Tufanye hesabu ndogo, na ninawaomba wasomaji wachukue kalamu. Tuseme kuna karakana inayoshona sare. Kwa mwaka mmoja inauza sare za shilingi milioni 100. Kitambaa, uzi, umeme na pango vinachukua milioni 60. Mishahara ni milioni 24. Mafunzo ya washonaji na wakataji ni milioni 6. Tukiacha kando kodi na uchakavu wa mitambo, faida ni milioni 10. Mwaka unaofuata meneja mpya anaingia. Mauzo ni yaleyale, kitambaa ni kilekile, mishahara ni ileile. Ila yeye anafuta mafunzo yote. Faida inaruka kutoka milioni 10 hadi milioni 16. Katika mkutano wa mwaka atapigiwa makofi, na pengine atapewa zawadi.

Angalieni: meneja huyo hakuiba hata senti moja. Hakughushi hati wala hakumdanganya mkaguzi wa hesabu, na mkaguzi atatia sahihi yake bila wasiwasi, kwa kuwa kila tarakimu ni ya kweli. Lakini faida iliyoongezeka haikutokana na kazi. Imechotwa katika ujuzi wa miaka ijayo, kama mkulima aliyekula mbegu kisha akawaambia majirani kuwa mwaka huu ghala lake lilimtosha. Mkataji asiyefundishwa ataharibu kitambaa mwaka wa tatu. Mshonaji hodari, akiona hakuna maendeleo mahali pale, atahamia kwa mwingine mwaka wa nne. Meneja wetu, je, atakuwa wapi wakati huo? Kwa kawaida huwa amekwisha kupandishwa cheo.

Wataalamu hukuita kuchezea faida. Kuna kuichezea kwa kalamu, yaani kukadiria madeni mabaya kuwa machache kuliko yalivyo, au kuandika leo mapato ya kesho. Na kuna kuichezea kwa vitendo, kama alivyofanya huyu wa sare. Namna hii ya pili ni ngumu kugundulika, nayo si jambo la nadra. Mwaka 2005 wataalamu watatu wa Marekani, John Graham, Campbell Harvey na Shiva Rajgopal, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa wakubwa wa fedha 401 wa makampuni. Waliwauliza wangefanya nini endapo wangeona kwamba kampuni inakaribia kushindwa kufikia faida iliyotarajiwa. Takriban wanane katika kila kumi walikiri kuwa wangepunguza matumizi kama ya utafiti, matangazo na utunzaji wa mitambo. Zaidi ya nusu walisema wangeahirisha kuanzisha mradi mpya, hata kama kuahirisha huko kungeitia kampuni hasara kidogo. Hawa walikuwa watu wenye heshima zao, wakijibu kwa hiari, na hawakuona haya kusema hivyo.

Sitaki msomaji adhani kuwa mambo haya ni ya ng'ambo tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwanachama wa chama cha akiba cha wafanyakazi, ambacho sitakitaja jina. Tulikuwa na karani mmoja mzee, mtu mkimya mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliwajua wadaiwa wote kwa sura, kwa kijiji, na kwa tabia ya kulipa. Mtu akija kuomba mkopo, mzee yule humtazama tu, akafungua daftari, akatia alama ndogo pembeni mwa jina kwa penseli nyekundu, alama ambayo sisi wengine hatukuijua maana yake. Kamati mpya ilipochaguliwa iliona gharama za ofisi ni kubwa. Ikamstaafisha mzee, ikaajiri vijana wawili kwa mshahara wa chini, na ikafuta fedha za kuwapeleka makarani kozi. Mwaka ule gawio letu lilipanda kuliko miaka yote niliyoikumbuka. Mke wangu alinunua mabati kumi na mawili ya jiko la nje, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama kuipongeza kamati. Nayakumbuka maneno yangu vizuri, na siyapendi.

Mwaka uliofuata gawio lilishuka. Mwaka wa tatu hapakuwa na gawio lo lote, na walioomba akiba zao waliambiwa wangoje. Mikopo ilikuwa imetolewa kwa watu ambao mzee yule angewapa pole na kuwafungulia mlango. Vijana wale wawili hawakuwa wezi, hakuna aliyewafundisha. Mwishoni kamati ilimwendea mzee nyumbani kwake, ikamlipa kwa miezi mitatu ili aje asome alama zake mwenyewe za penseli nyekundu. Malipo hayo ya miezi mitatu yalizidi fedha zilizookolewa kwa kufuta kozi.

Sasa, pana watu waliofikiri kwamba dawa ni kuipima akili yenyewe kwa tarakimu. Anayejulikana zaidi kati yao ni Ante Pulic, mchumi aliyeandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1990. Fikira yake ya msingi ni njema: mishahara isihesabiwe kuwa hasara, ihesabiwe kuwa mtaji, kisha tuulize kila shilingi ya mshahara imezaa thamani kiasi gani. Kipimo chake kimetumiwa na watafiti wengi katika nchi nyingi, kwa sababu tarakimu zinazohitajika hupatikana katika taarifa za kawaida za makampuni. Wengi wao wameona kwamba kampuni zenye kipimo kikubwa ndizo zenye faida nzuri. Niliposoma hivyo nilifurahi kama mwalimu. Ndipo nikaijaribu hesabu ile kwa karakana yetu ya sare.

Mwaka wa kwanza, thamani iliyozaliwa ni faida milioni 10 pamoja na mishahara milioni 24, jumla milioni 34. Gawanya kwa mishahara, unapata 1.42. Mwaka wa pili, mafunzo yakiwa yamefutwa, thamani ni faida milioni 16 pamoja na mishahara milioni 24, jumla milioni 40. Gawanya kwa mishahara, unapata 1.67. Kipimo kinatwambia kuwa akili za karakana zimeongezeka, katika mwaka uleule ambao karakana imeacha kuzinoa! Kosa si la kugawanya. Kipimo kimechovywa katika maji yaleyale ya faida, na faida ikipambwa, kipimo nacho hupambika. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kwamba kampuni zenye akili nyingi ndizo zenye faida nyingi, mwulize kwanza akili hizo zilipimwa kwa rula gani.

Lipo na swali la pili, ambalo wasomi hawajalimaliza: je, kampuni yenye watu werevu na utaratibu mzuri huchezea faida kidogo zaidi au zaidi? Uchunguzi mmoja huonyesha hivi, na mwingine huonyesha vile. Wapo wasemao kwamba kampuni yenye ujuzi wa kweli haina haja ya kujipaka poda, na tena makarani wake waliofunzwa hawataipitisha hati mbovu. Wapo wasemao kwamba mali isiyoshikika ndiyo rahisi kukadiriwa apendavyo mkadiriaji, na kwamba mwerevu ndiye ajuaye njia za panya. Mimi naona wote wamesema kweli, maana ujuzi ni kama bunduki. Swali ni nani ameishika na ni nani anayemsimamia.

Mfano mkubwa wa upande wa pili ni Enron ya Houston, Marekani. Kampuni hii ilianzia katika mabomba ya gesi, mali ya kushikika kabisa. Baadaye wakubwa wake wakajisifu kuwa mali yao kuu ni bongo za vijana waliowaajiri kutoka vyuo vikubwa. Jarida la Fortune liliitaja kuwa kampuni ya Marekani yenye ubunifu kupita zote kwa miaka sita mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2001. Na bongo zile zilikuwapo kweli. Ila zilitumika katika kuandika leo faida ya kesho. Mwezi wa Julai 2000 Enron ilitangaza mkataba wa miaka 20 na Blockbuster, kampuni ya kukodisha filamu, wa kupeleka filamu majumbani kwa waya. Huduma ilikuwa bado katika majaribio, na mwezi wa Machi 2001 mkataba ukavunjwa. Hata hivyo Enron ilikwisha kuandika vitabuni faida ya dola zaidi ya milioni 100 kutokana na biashara hiyo ambayo haikuwahi kusimama. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Hisa iliyofikia dola 90 mwaka 2000 ilikuwa imeshuka chini ya dola moja. Waliokuwa wameweka akiba zao za uzeeni katika hisa za kampuni yao wenyewe, na walikuwa maelfu ya wafanyakazi, walibaki mikono mitupu. Arthur Andersen, waliokuwa wakaguzi wake wa hesabu, nao walianguka mwaka 2002, baada ya miaka karibu tisini ya kazi.

Na Skandia, mwalimu wetu wa kuhesabu akili? Edvinsson alikwisha kuondoka mwaka 1999. Kampuni ile ilikuwa, pamoja na hesabu za kawaida, ikitangaza makadirio ya faida itakayopatikana miaka ijayo kutokana na bima zilizokwisha kuuzwa, na sehemu ya malipo ya ziada ya wakubwa ilifungwa na ukuaji wa makadirio hayo. Masoko ya hisa yakipanda, makadirio hupanda, na malipo hupanda nayo. Masoko yalipoporomoka baada ya mwaka 2000, tawi lake kubwa la Marekani likalemewa, na mwaka 2003 likauzwa kwa Prudential Financial ya huko. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo uchunguzi huru ulitoa taarifa kali juu ya malipo makubwa ya ziada waliyopewa wakubwa, na juu ya fedha za kampuni zilizotumika kukarabati nyumba walizokaa baadhi yao na jamaa zao. Mwaka 2006 Skandia ikanunuliwa na Old Mutual, kampuni yenye asili ya Afrika Kusini, ambayo jina lake watu wa Kampala wanalijua. Mwaka 2012 Old Mutual iliuza biashara ya Skandia ya nchi za kaskazini mwa Ulaya kwa Skandia Liv, kampuni ya bima ya maisha inayoendeshwa kwa manufaa ya wakata bima wenyewe. Wateja, yaani ukuta mmoja wa ile nyumba ya Edvinsson, ndio waliobaki na nyumba.

Sisemi kwamba nyongeza ile ya mwaka 1994 ilikuwa ya uongo. Naona kosa lilikuwa mahali pengine: ilipima mafunzo na wateja, lakini haikuwa na ukurasa wa kueleza ni nani anayekadiria faida na analipwaje kwa kukadiria. Kila mfano wa nyumba unapaswa kuwa na mlango, na mlangoni pawe na zamu.

Basi baba na mama wa nyumba afanyeje, asiye mhasibu, mwenye fedha kidogo na usiku mmoja wa kusoma? Akipata taarifa ya mwaka ya kampuni, asianze na picha za wakurugenzi. Aende kwenye maelezo ya nyuma, yaliyochapwa kwa herufi ndogo, atafute gharama za wafanyakazi, na kama mafunzo yametajwa peke yake, ayalinganishe na ya mwaka uliotangulia. Faida ikipanda huku mauzo yamesimama palepale, sababu lazima iwe mahali, na mara nyingi imo katika mistari hiyo. Kisha atazame taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu. Kampuni inayotangaza faida miaka mitatu mfululizo bila fedha kuingia inafanana na mtu anayesimulia mshahara wake hotelini na kulipiwa chai na wenziwe. Kuhusu chama cha akiba mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu makarani unawaona kwa macho: waulize wamekaa kazini miaka mingapi, na ni nani aliyewafundisha.

Chama chetu kile bado kipo, na akiba zetu zilirudishwa kidogo kidogo. Mzee wa miwani amekwisha kufariki dunia, Mungu amrehemu. Mkutano wa mwaka utakuwa mwezi ujao, na hesabu zilizokaguliwa tumekwisha kugawiwa. Gawio limepanda tena. Nimetafuta mstari wa mafunzo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, sikuuona. Nimeandika swali langu kwenye karatasi, na mke wangu amesema kama mimi sitasimama, atasimama yeye.